Kabla hamjampeleka mtoto kukatwa kimeo

Ukiishi Newala, kusini mwa Tanzania, msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho vikohozi vya watoto havikosekani. Kikizidi wiki tu, atatokea mtu aseme, "Huyo ana kimeo." Kwangu alisema mama mkwe, na fundi wa kukikata alishatafutwa.

Kumkatalia mama mkwe mbele ya mawifi si jambo la kuropoka. Nikamwambia, "Sawa mama, ila tukiangalie kwanza hicho kimeo." Nikawasha tochi ya simu, nikamulika makoo ya watoto wote pale barazani. Kila mmoja anacho kinyama kinachoning'inia. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha binamu ya mwanangu, mtoto asiyejua hata kukohoa! Mama akacheka. "Haya, nendeni zahanati."

Nesi hakuanza na koo. Alimfunua shati, akahesabu pumzi dakika nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 kwa dakika, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Hata nyumbani unaweza kuhesabu, mradi ametulia, halii wala hanyonyi. Ukiona kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, usingoje kuche. Wangu aliandikiwa amoksilini. Fundi angekata, ugonjwa ungebaki kifuani.

Wapo watakaosema, "Mbona wa kwangu alikatwa akapona?" Vikohozi vingi vya mafua huisha vyenyewe, sifa akapewa fundi. Kisichotajwa ni kile kisu kinachopita kinywa hadi kinywa: damu isiyokata, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI. Na kikohozi kikifika wiki mbili, ombeni kipimo cha TB, ni bure.

Sisemi kila kisu kikimbiwe. Busha, ambalo huku kusini tunalijua vizuri, dawa yake ni operesheni, na ngiri iliyobana haisubiri. Hata hospitali, kabla ya kusaini fomu, muulize daktari: ni ugonjwa gani, kuna tiba nyingine, na tusipopasua itakuwaje? Daktari mzuri hakasiriki.

Kama mtoto ameshakatwa na anatema damu, anapauka au ana homa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme wazi kwamba amekatwa kimeo. Wengi huficha kwa aibu, daktari akahangaika kutafuta damu inatokea wapi.