Nitapanda tena baiskeli lini?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nilianguka na baiskeli ya milimani nikiteremka vilima vya Taita, nikavunjika paja. Nimetiwa chuma, sasa natembelea mkongojo mmoja. Wenzangu wanasema nirudi, lakini hata mteremko wa feri pale Likoni moyo hunienda mbio. – Kijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Wenzako waache, paja ni lako. Mfupa wa paja kwa kawaida huunga kwa miezi 3 hadi 6. Chuma hakiharakishi, kinaushikilia tu uunge ukiwa umenyooka. Usitoke na baiskeli kabla daktari hajaridhika na eksirei.

Shika ukuta, simama kwa mguu ulioumia peke yake, ujitazame kwenye kioo. Nyonga ya upande wa pili ikishuka, misuli haijawa tayari, na hapo ndipo wengi huanza kuchechemea wakazoea. Mwambie fizio wako, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akupe mazoezi ya nyonga. Kidonda kikishapona kabisa, tembea baharini Nyali maji yakiwa ya kifua. Uzito hupungua mno. Akikuruhusu, anza na baiskeli ya mazoezi, pedali zikiwa laini, bila kukazwa.

Hiyo hofu usiione haya. Anza tambarare, kisha kijiteremko kifupi, ukirudia mpaka moyo utulie. Ukikosa usingizi au ajali ikikujia ndotoni kila mara, muone mshauri nasaha. Na ile helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena, hata kama haina ufa.