Kabla Hujaloweka Stika ya Kasha Lako

Kasha langu la kwanza la umeme wa mezani lilikuwa na matundu manne ya kutolea umeme, na hata moja halikuandikwa. Nilikuwa najua kichwani lipi la volti 5 na lipi la volti 12. Baada ya miezi miwili sikujua tena, na redio ya rafiki yangu ndiyo iliyolipa gharama. Nikaanza kuandika makasha: kwanza kwa kalamu ya wino mzito, ikafutwa na jasho la vidole, halafu kwa karatasi chini ya selotepu, ikageuka njano na kubanduka. Zilizokuja kukaa ni stika za maji, zinazochapwa kwenye karatasi maalumu kisha zikalowekwa. Lakini karatasi tatu za mwanzo niliziharibu zote, na mengi ninayokwambia hapa yametoka kwenye hizo tatu.

Karatasi yenyewe ina gundi inayolegea kwa maji, na juu ya gundi kuna utando mwembamba unaobeba chapa. Ukiiloweka, utando unateleza kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kasha huku maandishi yakikutazama. Si kama vile vitatuu vya bablishi tulivyokuwa tukijibandika mkononi, ambavyo hulazwa kifudifudi. Kwa hiyo usigeuze maandishi unapochapa. Mimi niligeuza, nikapata kasha linalosomeka kwenye kioo tu.

Kabla ya kununua karatasi, jiulize utachapa wapi. Zipo za printa ya wino na zipo za printa ya leza, na haziazimani. Leza huyeyusha unga wa tona kwa joto la karibu nyuzi 200, na karatasi ya wino ikipita humo utando wake unaweza kuganda ndani ya mashine. Kwa wengi wetu printa iliyo karibu ni ile ya steshenari ya mtaani, na mara nyingi ni leza, basi nunua karatasi ya leza. Mwoneshe mwenye duka pakiti yake kabla hajaiweka kwenye mashine. Akikataa, usimlaumu, mashine ni yake. Ukitumia printa ya wino, lazima uipulizie karatasi iliyochapwa vanishi isiyo na rangi, ile mafundi wa rangi wanaiita kliya, tabaka mbili au tatu nyepesi, ikauke kabisa. Usipofanya hivyo, maandishi yote yatabaki ndani ya bakuli la maji. Ya leza haina ulazima huo, ila mimi huipulizia pia, kwa sababu tona hupukutika ukiikunja.

Peleka faili la PDF, maana kompyuta ya dukani huenda haina fonti yako. Chora pembeni mstari wa milimita 100, na uwaambie wachape kwa asilimia 100, wasiibane iingie kwenye ukurasa. Anza na karatasi ya kawaida. Pima ule mstari kwa rula, kisha laza karatasi juu ya kasha uone kama alama za nobu, vile vifundo vya kuzungusha, zinazunguka matundu yake sawasawa. Ukisharidhika, jaza A4 nzima nakala za sura hiyohiyo, kwa sababu ya kwanza utaichana.

Jambo moja huwashangaza wengi: printa ya kawaida haina wino mweupe. Maandishi meupe kwenye utando angavu hayatoki kabisa, na meusi juu ya kasha jeusi hayaonekani. Ipo karatasi yenye utando mweupe, lakini kingo zake huonekana na inataka mkono wa kukata usiotetemeka. Mimi napaka kasha rangi ya maziwa au kijivu chepesi, nachapa kwa rangi nyeusi, nimemaliza.

Sasa tuje kwenye kasha lenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Toboa matundu yote kwanza na uondoe makali kwa tupa. Kama ni alumini, piga msasa namba 220, kisha 400, futa kwa spiriti, pulizia praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe. Plastiki usiifute kwa thina, itayeyuka na kunata. Maji na sabuni yanatosha. Rangi ikikauka, ipitie kwa msasa wa maji namba 1000, kisha pulizia kliya ya kung'aa, hata kama unataka kasha lisilong'aa mwishoni. Uso usiong'aa una vishimo visivyoonekana kwa macho. Hewa inanaswa chini ya utando, na sehemu iliyopaswa kuwa angavu inakuwa na weupe kama ukungu. Nilihangaika sana na ukungu huo nikidhani nimeuziwa karatasi mbovu. Karatasi haikuwa na shida, kasha langu ndilo lilikuwa kama ukuta usiopigwa lipu.

Kuloweka ni dakika moja tu. Maji ya vuguvugu, sekunde 30 hadi 60, kisha itoe uilaze mezani mpaka utando uanze kusogea ukiusukuma kwa kidole. Usiiache ielee yenyewe, gundi itaisha majini. Lowesha kasha, weka stika na karatasi yake mahali pake, halafu shika utando na uvute karatasi kutoka chini yake. Wengi hufanya kinyume, wanauvuta utando, nao unajikunja kama ukoko wa uji. Ukiwa bado umelowa unaweza kuusogeza upendavyo. Ukishapata mahali, sukuma maji kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo kilichobaki kitoboe kwa sindano. Matundu yafunike tu, utayakata kesho.

Nimesema kesho, si baada ya chai. Stika ilale usiku mzima. Asubuhi kata utando kwenye kila tundu kwa wembe mpya, alama ya msalaba kwanza, kisha zungusha. Halafu kliya ya mwisho, kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, na tabaka za mwanzo ziwe kama umande. Ukimwaga nzito mara moja, thina iliyomo inakula utando na maandishi yanakunjamana. Hiyo haina dawa. Tulio pwani tuna adui mwingine wakati wa masika: unyevu unaingia kwenye kliya inayokauka, inakuwa nyeupe kama maziwa. Subiri siku yenye jua, pulizia kati ya saa nne na saa nane mchana, nje, ukiwa na barakoa na mbali na jiko. Ikishakuwa nyeupe, iache ikauke, kisha tabaka jepesi siku kavu mara nyingi huirudisha kuwa angavu.

Nati ndizo zilizonitesa mwisho. Kasha linaonekana limekauka baada ya siku moja, unafunga nati ya swichi, inazunguka na utando wote. Ngoja siku nne au tano, weka washa, ile pete bapa, chini ya nati, na uzungushe swichi kwa ndani huku nati ikishikwa na spana. Kwenye kasha langu la sasa tarakimu 2 ya volti 12 imepinda kidogo kwa sababu hiyo. Nimeiacha, inasomeka.