Mali kauli nayo ni mkataba

Mwaka wa kwanza wa diploma ya biashara hapa Moshi nilipata 41 kwenye somo la sheria na maadili ya biashara, nikasapu, yaani nikatakiwa kurudia mtihani. Desa, yaani zile notisi za somo, nilikuwa nalo, tena nimelikariri hadi nukta. Tatizo ni kwamba nilidhani sheria inakaa kwenye karatasi, na pasipo karatasi hakuna sheria. Na kila Jumamosi nilikuwa soko la Memorial nauza makoti ya mtumba, nafunga mikataba hata ishirini kabla ya saa sita mchana bila kujua.

Kwa hiyo wewe unayeanza somo hili, kabla ya kufungua desa nenda sokoni ukasikilize watu wanavyopatana bei.

Muuzaji anasema elfu kumi na mbili. Mteja anasema nane. Muuzaji anacheka, anarudisha koti kwenye hanga. Mteja anazunguka meza mbili tatu, anarudi: "Haya, lete kwa hiyo kumi na mbili." Anajibiwa: "Sasa hivi ni kumi na tano, dada." Hapo mteja atalalamika sana, lakini kisheria hana dai. Alipotaja nane alileta pendekezo lake jipya, na lile la kumi na mbili likafa palepale. Mahakama ya Uingereza ilishaamua hivyo mwaka 1840 katika kesi ya Hyde na Wrench. Hyde aliambiwa shamba ni pauni 1,000, akataka kwa 950, akakataliwa, ndipo akageuka kusema basi naikubali ile 1,000. Hakupata shamba. Kwenye desa kesi hiyo ilinipita mara nne; nilipoiona mezani kwangu haijanitoka mpaka leo.

Kifungu kingine cha kukibeba kichwani ni cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kinasema makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kila upande ukitoa kitu kwa ajili ya mwenzake, na kwa lengo halali. Umri wa uwezo huo ni kuanzia miaka 18. Kuandika hakumo kwenye orodha hiyo. Ipo mikataba ambayo sheria inataka iandikwe, ya kuuziana ardhi kwa mfano, ila koti au belo, yaani furushi zima la mtumba, ambalo mnunuzi ameshalipokea halihitaji maandishi.

Hilo la belo ndilo lililoniumiza. Rafiki yangu wa hosteli alitoa nusu ya hela yake ya matumizi, mimi nikatoa nusu ya yangu, tukanunua belo la kwanza na kugawana faida sawa. Likaisha vizuri. Belo la pili, mimi nikiwa kwenye mtihani, akaenda peke yake kwa mangi mmoja wa mabelo akalichukua mali kauli, shilingi 400,000, tulipe tukishauza. Likafunguka bovu: masweta yamechanika, makoti ya watoto wachanga. Mwenzangu akaanza kunikwepa. Mangi akaja mezani kwangu.

Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba mimi sikusaini chochote, na kibiashara chetu hakijasajiliwa popote. Nilikuwa nimekosea mara mbili. Watu wanaofanya biashara pamoja kwa ajili ya faida ni wabia, wawe wamesajili jina au hawajasajili. Na mbia anapokopa kwa ajili ya biashara yenu ya kawaida, anawafunga wote, na deni linaweza kuingia hadi kwenye mali yako binafsi. Nililipa kidogokidogo kwa miezi saba. Ndiyo maana watu wanasajili kampuni: mahakama ya juu ya Uingereza ilisema mwaka 1897, kwenye kesi ya Salomon, fundi viatu wa London, kwamba kampuni ni mtu mwingine tofauti na wenye hisa, na deni lake ni lake. Sheria yetu inafuata mkondo huohuo. Lakini mwanafunzi mwenye belo moja hahitaji kampuni. Anahitaji ukurasa mmoja wa daftari unaosema nani anaruhusiwa kukopa na mwisho shilingi ngapi, mmesaini wote.

Kuhusu maadili, mtihani hupenda swali la "tofautisha sheria na maadili", na wanafunzi huchora jedwali. Mimi sina jedwali, nina koti la bluu.

Mama mmoja alikuja kumnunulia mtoto wake anayeenda bweni. Zipu ya lile koti ilikuwa na meno mawili yaliyong'oka chini kabisa, nami nilijua. Alilishika, akaligeuza, akaangalia makwapa na kola. Zipu hakuivuta. Sikusema neno. Jumamosi iliyofuata alirudi nalo. Nilikuwa nimetoka kujiandaa kwa sapu, kwa hiyo nilikuwa na majibu yote: kunyamaza tu, kwa kawaida, sheria haikuiti udanganyifu, na mnunuzi akishakagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi ungeionyesha hawezi kumrudishia muuzaji. Nikamweleza kwa adabu zote, shikamoo mama, ulilikagua mwenyewe.

Akasema, "Sawa mwanangu, nimekuelewa." Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, akaondoka bila kudai hata shilingi.

Sapu nilipata 68. Koti nililipeleka kwa fundi cherehani, akabadilisha zipu kwa elfu mbili, nikalitundika pembeni peke yake ili akipita alione. Watu waliliulizia, nikawa nasema lina mwenyewe. Mpaka nafunga ile meza lilikuwa bado limetundikwa.