Muulize Shangazi: Watoto Wakubwa, Likizo Hii Mwaenda Wapi?

Disemba hiyo yaja, shule zafungwa, na barua za mwezi huu zote ni likizo tu. Mwenye mtoto mdogo hana shida manake huyo ukimpeleka ufuoni na ndoo yake ya plastiki kazi imekwisha, ila walio na vijana wa miaka 11 kuenda juu ndio waniandikia usiku wa manane. Nimechukua barua nne, walobaki tuvumiliane.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watatu, niko Shella hapa Malindi, msichana ana 15, wavulana wana 13 na 11. Likizo ilopita tulienda ufuoni na sufuria ya pilau, yule mkubwa akajifungia kwenye gari na simu yake mpaka magharibi. Sasa wote watatu wataka slaidi za maji kule Nyali. Baba yao amekubali lakini pesa alotoa ndio hiyo hiyo, haiongezeki. Halafu msichana avaa hijabu na naogopa afike getini aambiwe nguo zake haziruhusiwi. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye simu. Kabla hujamtajia mtoto tarehe yoyote, wapigie hao wa slaidi (Wild Waters ndio wengi huku twaijua) uwaulize siku hiyo wamefungua saa ngapi, tiketi ya mtoto inaishia umri ama urefu gani, chakula cha nyumbani chaingia ama hakiingii, na nguo. Hio ya nguo usione haya hata kidogo. Slaidi ni faibaglasi, na paki nyingi za maji zinachokataa ni jinzi, zipu na vifungo vya chuma, manake chuma chakwaruza slaidi, na nguo nzito ya pamba ikilowa yamlemea mtu majini. Kwa hivyo mara nyingi ugomvi si stara, ugomvi ni kitambaa. Mtafutie lile vazi la kuogelea la stara, suruali na kanzu yake fupi na kofia, la kitambaa chenyewe cha kuogelea, kisha kwenye simu waeleze hivyo hivyo ulivyo nalo wakwambie. Na alivae nyumbani kwanza arukeruke nalo, ainame, anyanyue mikono, si afike juu ya ngazi na laini ya watu nyuma yake ndio agundue kofia yamvuka.

Jambo la pili ni urefu na hapa ndipo furaha za watu huharibikia. Huyu wa 11 mpime leo leo, asimame na ukuta bila viatu, weka rula kichwani, piga alama ya penseli, pima na futi ya fundi. Slaidi kubwa kubwa za paki nyingi hazimkubali aliye chini ya sentimita 120 hivi, na zingine zataka zaidi. Pale chini ya ngazi huwa pana nguzo imechorwa mstari, kijana wa kazi amsimamisha mtoto, aweka kiganja juu ya kichwa, akiona mstari uko juu ya nywele basi, hata ulie, hata useme umetoka Malindi na alfajiri, harudi nyuma, na kusema kweli afanya vyema. Kama wako hafiki mwambie nyumbani, mchague mapema atakayopanda yeye. Aibu ya nyumbani hupoa, ile ya mbele ya kaka yake arudi nayo mpaka Malindi.

Tarehe: usiende Idd, usiende Krismasi mpaka mwaka mpya. Siku hizo Nairobi nzima iko pwani na utalipa pesa ile ile upande slaidi tatu badala ya kumi. Chukua siku ya kazi, Jumanne ama Jumatano, mara tu shule zinapofunga. Malindi mpaka Nyali ni kama kilomita 120, ukisali alfajiri mukatoka mtapita Mtwapa kabla foleni haijakaa sawa, na uzuri Nyali iko upande wetu huu wa daraja, huingii kisiwani. Lengo ni kufika geti likifunguliwa. Lile saa la kwanza ndio lenye thamani ya tiketi, wapande zile kubwa zote hapo hapo watu wengine wakiwa bado wanatafuta pa kuweka mikoba.

Chakula, kama wamekataa cha nje, musilete vita. Mahamri na mbaazi mule njiani Kilifi washibe, ile biriani ikae kwenye gari kwenye hotpoti, na uulize getini kama mwenye mkanda wa mkononi anaruhusiwa kutoka na kurudi. Wakikubali mwala garini adhuhuri, mwasali, mwarudi ndani. Ile ya kununua chipsi za watu watano kwa bei ya paki ndio hula bajeti ya baba watoto, tiketi mwaisingizia bure.

Sasa pesa yenyewe. Toa tiketi, toa mafuta ama nauli, weka akiba ya dharura kwako, kisha inayobaki igawe kwa tatu uwape mkononi asubuhi. Mkononi kabisa. Aisikirimu, soda, picha ile wanayokupiga ukiteleza halafu wanakuuzia, yote ni juu yao. Utashangaa msichana wa 15 alokuwa akidai kila kitu atavyoanza kulinganisha bei ya maji, na wewe hutasema "hapana" hata mara moja siku nzima.

Na uwaache watembee. Wao ni wakubwa, wawili wawili ama wote watatu pamoja, hakuna wa peke yake, na kila saa fulani mwakutana mahali pamoja ambapo hapahami, kwa mfano penye loka, si "pale kwenye mti". Asojua kuogelea vizuri habandui mguu pale panapozidi kiuno, hio haina mjadala hata kama ana miaka 15. Na wewe mama usigeuke mlinzi wa mikoba! Kodi loka, funga simu, panda hata slaidi moja.

Mtu atakwambia kwa vile mshafika huko muunganishe na Haller Park ya Bamburi. Usiunganishe. Ni pazuri sana, palikuwa machimbo ya saruji makavu mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, na wanao wangependa kujua yule kiboko mdogo alokokotwa na maji huku kwetu Sabaki wakati wa tsunami ya Disemba 2004 ndiko alikopelekwa, akaenda akashikana urafiki na kobe mkubwa mpaka dunia nzima ikasikia. Lakini mtoto alolowa na kuchoka hataki kobe. Iwe safari nyingine.

Assalaam aleikum. Mimi baba wa mapacha wavulana wa miaka 13, Mkomani, Lamu. Mdogo wangu afanya kazi Abu Dhabi na ametualika Agosti, na watoto washaona kwenye simu ile rola kosta ya Ferrari, hawalali. Tatizo mmoja amerefuka na mwenziwe bado mfupi. Na mdogo wangu ataka tuone paki zote tatu nne kwa siku mbili. Wanishauri vipi?

Waaleikum salaam. Mdogo wako akukirimu, mshukuru, lakini kwa hili mkatalie. Pale kisiwa cha Yas pana Ferrari World ya tangu 2010, pana ile ya maji Yas Waterworld, pana Warner Bros. World ya 2018 na SeaWorld ya 2023, na tiketi za kuunganisha paki zauzwa kweli na hesabu yake yavutia. Ila paki moja yatosha siku nzima kwa watoto wa 13. Ukiwabeba mbili kwa siku moja muda wote mtakuwa kwenye kutembea, kupekuliwa mikoba na kutafuta choo. Waulize wao wenyewe wachague mbili tu, kila pacha moja, na siku ya katikati wapumzike kwa ami yao.

Agosti kule joto lapita 40, lakini Ferrari World na Warner Bros. ziko ndani ya paa na baridi ya mashine, kwa hivyo jua si hoja, hoja ni ya maji, hio muende mapema asubuhi na viatu vya kukanyagia musisahau, sakafu yachoma. Tena Imarati siku zao za mapumziko tangu 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa nusu siku, msije mkapanga kwa hesabu ya zamani.

Sasa mapacha. Hio wanayoiota yaitwa Formula Rossa, yafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde zisizofika 5, mpaka wavalishwa miwani kwa ajili ya upepo na vumbi. Rola kosta kubwa nyingi duniani zataka mtu awe na kati ya mita 1.2 na 1.4, na kila mchezo una kipimo chake kwenye tovuti ya paki. Wapime wote wawili sasa halafu muwapime tena wiki ya safari, mvulana wa 13 huweza kurefuka ghafla na huenda tatizo likaisha lenyewe. Likibaki, usimzuie yule mrefu kwa ajili ya mfupi, watachukiana. Mrefu apande na ami yake mara moja, wewe na mfupi mkapande kile anachoruhusiwa mara mbili. Na huyo mfupi ndiye achague mnakula wapi. Wasile sana kabla ya kupanda lakini. Hofu sina nao, mtoto wa Lamu alozoea jahazi likilala ubavu mlangoni mwa bahari ya nje hatishwi na kiti chenye mkanda.

Shangazi mambo. Kijana wangu ana 16 asema hataki kuenda popote na sisi, ati "outing" za familia ni za watoto. Nimlazimishe? (Baba, Barani, Malindi)

Poa. Usimlazimishe, mwambie alete rafiki mmoja. Utalipa tiketi moja zaidi, ni kweli, kama huwezi basi rafiki ajilipie. Mtampoteza machoni getini na mtamuona tena wakati wa kula akicheka, na hio ndio siku yenu ya familia, ridhika nayo. Kitu kimoja usifanye ni kumpa kazi ya kuwalea wadogo zake siku nzima, manake hapo ndipo alipotoa hilo neno la watoto.

Shangazi, hizo slaidi za Mombasa kwetu ni ndoto, tuko sita na nauli peke yake yatumaliza. Malindi hapa hapa pana nini kwa watoto wakubwa ambacho si kukaa mchangani? (Mama, Maweni)

Pana vingi kuliko unavyodhani, tatizo letu twaviachia watalii. Mimi ningekuwa wewe ningeenda baharini, si ufuoni, baharini. Hifadhi ya bahari ya Malindi yetu hii imetangazwa mwaka 1968, ni kati ya za kwanza Afrika, na wako wenyeji wazaliwa wa Malindi wasojua matumbawe yako vipi. Kodini mashua ya kioo pamoja na familia nyingine mgawane, na miwani ya kupigia mbizi mkodi hapo hapo. Lakini muende kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Maji yakipwa ndio mwaona, samaki wale wa manjano wenye mistari waja mpaka kwenye kidole, maji yakijaa mwaona buluu tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji hupwa mchana huu kwenye saa nne hivi, kwa hivyo saa mbili unusu muwe pwani. Na Disemba ni kaskazi, tofauti na Agosti ya kusi ambapo bahari yachafuka na nusu ya watoto watatapika.

Kama hamtaki maji basi Marafa, yale makorongo mekundu na meupe. Muende alasiri, msiende adhuhuri, pale chini hapana hewa na joto lake si la mzaha, jua likiinama rangi ndio zatoka na vijana watapata picha zao za kujionyesha. Mzee mwenyeji awatembeze awape ile hadithi ya matajiri walokuwa wakiogea maziwa.

Gede, ule mji wa magofu, najua watasema "tulienda na shule". Walienda wakiwa darasa la nne wakapiga laini wakarudi. Sasa wana akili, na tangu 2024 UNESCO imeuweka mji ule kwenye urithi wa dunia, wape kazi ya kutengeneza video ya dakika mbili, kila mmoja sehemu yake, msikiti mkuu, kasri, visima, waonyeshe watu walijenga vyoo na mifereji miaka hio halafu mji wakauacha kufikia karne ya 17 hivi. Mlipofika hapo Kipepeo iko ndani ya geti hilo hilo, vipepeo wa msitu wa Arabuko Sokoke.

Malipo ya bahari ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na siku hizi wataka kwa simu kupitia eCitizen, ile tovuti ya serikali, karatasi hawashiki, kwa hivyo fungua akaunti nyumbani usiku wa kabla, hakikisha bando ipo, beba kitambulisho chako na kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto mlipe bei ya mwananchi. Gede nako ulizia mapema malipo ni vipi. Na yule nahodha wa mashua mpatane bei kabla hamjakanyaga maji, kwa watu sita wote, kuenda na kurudi.