Programu haikufanyi mtaalamu wa nyenzo laini

Swali: Mimi ni mhandisi mitambo, nafanya kazi kiwanda cha kubangua korosho hapa Masasi. Nataka kusoma uzamili nibobee kwenye nyenzo laini: mpira, plastiki, jeli. Kuna mtu anauza kozi ya wiki mbili ya programu ya kompyuta ya kukokotoa mikazo, yaani nguvu za ndani ya kitu kinachovutwa au kubanwa. Anasema nikishaijua sitahitaji maabara, na tasnifu atanisaidia kuandika. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na huyo mtu usimpe hata senti.

Kila msimu wa udahili naletewa swali hili, na kosa ni lile lile: watu wanauchukulia mpira kama chuma kilicholegea. Chuma unakipa programu namba mbili, ukakamavu (kinavyokataa kuvutika) wa gigapaskali 200 hivi na uwiano wa Poisson (kinavyosinyaa upana kikivutwa urefu) wa 0.3, na kwa kazi nyingi jibu linatosha. Ukakamavu wa mpira hauna namba moja ya namna hiyo. Inategemea umeuvuta kwa kasi gani, kiasi gani, kwenye joto gani, na kabla ya hapo ulishavutwa vipi. Uwiano wake wa Poisson unakaribia 0.5, yaani ujazo wake haubadiliki kirahisi. Ukichagua vibaya njia ya kukokotoa, programu itakupa ugumu usiokuwepo, tena kwa picha ya rangi nzuri kabisa.

Chukua rababendi, itundike na uzito unaoivuta hadi iwe ndefu maradufu, kisha ipitishie hewa ya moto. Uzito utapanda. Waya wa chuma ukipata moto hurefuka. Rababendi iliyovutwa hujikunja, kwa sababu minyororo yake ya molekuli ikipata joto huvuta kwa nguvu zaidi kurudi kwenye mkunjo wake. Asiyeielewa thermodinamiki hiyo anabofya tu.

Na kupuuza tabia ya mpira kunaua. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliangamia na watu 7 muda mfupi baada ya kuruka. Pete za mpira za kuzibia maungio ya roketi zilikuwa zimepigwa na baridi, zikashindwa kurudi upesi kwenye umbo lake. Mpira ule ule, joto tofauti. Huku kwetu kuna gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, na mabomba na pampu zina sili, yaani vizibo vya mpira vya kuzuia uvujaji. Mpira usioendana na mafuta huvimba, ukalainika, ukavuja. Mwenye tasnifu ya kununua ndiye atakayesaini kwamba sili hiyo inafaa.

Wewe soma fizikia ya takwimu, kemia ya polima, mekanika ya miili endelevu (vitu vinavyonyumbuka na kutiririka) na riolojia, yaani elimu ya jinsi vitu vinavyotiririka na kubadilika umbo. Mada unayo mlangoni: mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, yana kadanoli, kemikali inayotengenezewa resini (gundi ngumu) za breki. Pima yanavyogeuka kutoka kimiminika hadi kigumu, kwa joto mbalimbali. Kabla hujalipa ada popote, muulize msimamizi kama wana reomita (mashine ya kupima riolojia), kama inafanya kazi, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuishika mwenyewe.