Okidi yangu ina madoa meusi, niongeze madini gani?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Tabata, Dar, nina okidi ya maua meupe (falenopsisi) sebuleni. Majani mawili yametoka madoa ya kahawia yanayoelekea weusi, pembeni yana njano. Shoga yangu kasema ni upungufu wa madini, nikaweka maganda ya mayai na yurea kidogo, na mdalasini kwenye mizizi. Madoa yanaongezeka. Kuna dada anauza mtandaoni busta ya okidi, inatibu madoa na kuleta maua, elfu ishirini. Ninunue? Maji natumia ya kisima.

JIBU: Usinunue. Na hiyo yurea usirudie tena, tafadhali.

Dada yangu, picha za majani yenye madoa naletewa kila siku na karibu zote zinakuja na swali lilelile, "imepungukiwa nini?" Jamani nani aliwaambia doa ni njaa? Mmea wenye njaa hautoi doa moja hapa na jingine pale, lenye majimaji na duara la njano. Njaa inakuja polepole na ina mpangilio wake, magnesiamu ikipungua yanapauka majani ya chini, yale ya zamani, na pande zote mbili za jani zinafanana, potasiamu nayo inaanzia hukohuko chini, ncha na kingo zinakuwa njano halafu zinakauka, kalsiamu ndo kinyume kabisa maana mmea hauwezi kuitoa jani la zamani ukaipeleka jani jipya, kwa hiyo jani changa ndo linatoka na ncha nyeusi. Hakuna hata moja hapo ambalo wiki hii liko jani hili na wiki ijayo limehamia jani la jirani. Kinachohama ni ugonjwa.

Kwa maelezo yako (picha ingesaidia, hasa ya upande wa chini wa jani) mi nawashuku bakteria, ule ugonjwa wa doa la kahawia unaoletwa na Acidovorax. Unaipenda sana falenopsisi, na unapenda joto na majani yanayolala na maji, yaani Dar yenyewe. Doa linaanza kama limelowa, linabonyea kidogo, linakuwa kahawia halafu jeusi. Ukiligusa likawa laini na linanuka, hapo ni kuoza, kata leoleo usisubiri kesho. Kama ni kavu, limepauka, liko upande unaotazama dirisha tu na halikui, hilo ni jua, sogeza chungu, basi.

Sasa cha kufanya ni kukata. Wembe upitishe kwenye moto, kata sentimita 2 hivi ndani ya sehemu nzima ya kijani, upitishe tena motoni kabla hujagusa mmea mwingine kwa sababu virusi vya okidi havina dawa na vinasafiri na wembe huohuo. Mdalasini paka pale ulipokata na pale tu, mizizini unaikausha, uoshe wote utoke. Doa likikaribia katikati pale majani yanapotokea, toa jani zima. Chungu kitenge na maua mengine, mwagilia asubuhi, maji yakituama katikati yafyonze kwa tishu, na washa feni hewa izunguke. Madoa mapya yakiendelea kutoka ndo utafute dawa ya kopa (madini ya shaba), hiyo wanayopigia kahawa, kwa kipimo cha kwenye lebo na isiwe wakati wa maua. Ile dawa ya ukungu ya nyanya yenye mankozebu ambayo kila mtu anaikimbilia haiui bakteria, utapiga mpaka jani liwe jeupe kwa vumbi la dawa na doa liko palepale.

Halafu doa la zamani halifutiki. Hapa ndo watu wanapoharibu, wanaona doa bado lipo wanadhani dawa haijafanya kazi, wanaongeza dozi, wanabadilisha dawa, wanachanganya. Chukua maka pen chora mstari kuzunguka doa. Lisipovuka mstari mmea umeshapona, jani litabaki na kovu lake.

Tuje kwenye madini, maana najua hutaniacha. Okidi hii porini haikai kwenye udongo, inashika magome ya miti kama Ansellia yetu yenye maua ya njano na kahawia inavyoota juu ya miti huku pwani, inakula kidogo sana kinachoteremka na mvua. Inatosha mbolea ya NPK 20-20-20 ya kuyeyusha, robo kijiko cha chai kwa lita 2 za maji, mara moja kwa wiki, na mizizi iwe imelowa kwanza. Yurea ni naitrojeni asilimia 46 tupu, wakulima wanaimwaga shambani kwenye udongo wenye vijidudu vya kuivunja, wewe umeiweka kwenye magome makavu. Mizizi inaungua, na jani likizidishiwa naitrojeni linakuwa laini, ugonjwa unaingia kirahisi zaidi. Maganda ya mayai hayayeyuki kwa maji yanayopita chunguni dakika mbili, unalisha vijinzi tu. Ukitaka kalsiamu ipo kalsiamu naitreti ya wakulima wa nyanya, ila usiichanganye ikiwa nzito na magnesiamu salfeti kwenye chombo kimoja, inaganda inakuwa jasi.

Kilichonishtua zaidi ni kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, angalia mdomo wa chungu kama kuna ukoko mweupe na ncha za mizizi kama zimekuwa nyeusi. Inawezekana kabisa mmea wako haujapungukiwa madini, umezidishiwa. Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani fomula zao za mbolea ya okidi ziko mbili, moja ya maji yasiyo na madini na nyingine ya maji ya kisima, maana walianza kwa kuuliza maji yana nini. Wewe kinga mvua, na kila mwezi mimina hayo maji matupu mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, chumvi ishuke. Kama umepandia makumbi ya nazi ndo usiruke kabisa, yanatunza chumvi.

Na hizi busta. Bakteria, ukungu, virusi, jua na njaa ni vitu vitano tofauti, hakuna chupa moja inayotibu vyote, anayekuuzia hivyo ama hajui ama anajua vizuri sana. Wengine wanakorogea tetrasaiklini, ile antibiotiki ya kuku, matokeo yake tunafuga bakteria sugu ndani ya nyumba. Wengine wanapima kiuatilifu cha shambani kwenye chupa ya soda, haina jina wala kipimo, inakaa jikoni na watoto wapo. Dawa halali ina lebo yenye kiambata hai, kipimo, tarehe ya kuisha na namba ya usajili, hapa kwetu ya TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu, Kenya wenzao ni PCPB. Mwombe huyo dada picha ya lebo. Akikujibu "hii ni ya asili tu mpenzi", hiyo elfu ishirini nunua ndoo ya kukingia mvua na pakiti ya wembe, chenji itabaki.