Mkia Mzito Uliniaibisha Mbele za Watu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Kaka, ndege yangu ya mfano nikiiachia tu inainua pua, inasimama hewani, halafu inadondoka kama embe. Mota nzima, betri nzima. Tatizo nini?" Nikamuuliza swali moja: mkia una gramu ngapi? Hakujua. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana miaka minne iliyopita na mimi sikujua.

Ndege yangu ya kwanza ya balsa, yaani mbao nyepesi sana, niliijenga miezi mitatu hapa Tanga, juu ya meza ya kulia chakula, mke wangu akivumilia vumbi la msasa. Mkia niliukata kwenye ubao mzima wa milimita 3, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Siku ya kuirusha nikaalika watu. Kosa. Ilipanda kama mita sita, ikaduwaa, ikashukia mkia. Mzee mmoja aliyerusha ndege hizi tangu ujanani akaokota ule mkia, akauninginiza kwa vidole viwili: "Mwanangu, huu ni mkia au mbuzi ya kukunia nazi?" Uwanja mzima ukacheka. Mpaka leo nikisikia nazi inakunwa jikoni namkumbuka.

Ila alisema kweli. Nyumbani niliupima kwenye mizani ya jikoni: gramu 36. Kutoka kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapotulia sawa ukiining'iniza, hadi mkiani kwangu ni sentimita 60, na hadi puani sentimita 20 tu. Kwa hiyo kila gramu ya mkiani inadai gramu tatu za risasi, yale madini mazito, puani ili ndege isawazike. Piga hesabu mwenyewe.

Mkia ninaorusha sasa una gramu 20, na ni mgumu kuliko ule. Najisifu, ndiyo. Gramu 16 nilizopunguza zimeniondolea risasi ya gramu 48.

Siri ya kwanza ni kupima mbao kabla ya kukata. Duka moja la nje liliniletea mbao mbili za kipimo kilekile, milimita 3 kwa 75 kwa 915, bei ileile: moja gramu 21, nyingine 38. Nikalalamika, kimya. (Balsa nyingi inatoka Ecuador, na jina lake ni Kihispania, maana yake chelezo. Ajabu ni kwamba wataalamu wa miti wanaihesabu kundi la mbao ngumu.) Ukiona ubao una madoadoa yanayometa kama magamba ya samaki, huo haukunjiki kirahisi kwa upana wake. Uweke kwa ajili ya mkia. Na upime.

Ya pili: acha ubao mzima, jenga kwa fito. Mkia wangu ni kiunzi cha fito za unene wa milimita 6, kitupu katikati kama nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Unene ndio unaoleta ugumu: ukiuongeza mara mbili, fito inakuwa ngumu kupinda mara nane. Fito nyingine zipite mshazari kati ya mbavu, yaani fito zinazokatiza kiunzi, la sivyo mkia utajisokota kama kamba.

Ukingo wa nje ndio ninaoupenda zaidi. Nachukua vipande vinne vya milimita 1.5, naviloweka maji ya moto mpaka vilegee, nawaacha watoto waniulize napika nini. Kisha navipaka gundi ya mbao, navizungusha pamoja kwenye kalibu ya kadibodi ngumu niliyoizungushia selotepu ili visigande nayo, kama msusi anavyokunja ukingo wa ungo. Pini, halafu usiku mzima. Asubuhi unatoa upinde usiorudi nyuma. Gundi iwe kidogo. Gundi nayo ina uzito. Pima tena.

Bawaba na servo (mota ndogo za kusogeza usukani) naziruka, hazina maajabu.

Kufunika ndiko nilikoharibu mikia miwili mizuri. Karatasi ya plastiki inanywea kwa pasi, na ukiivuta upande mmoja mkia unakunjika kama kaukau. Funika pande zote mbili siku hiyohiyo, pasi ya moto mdogo, huku kidogo kule kidogo. Sisi wa pwani tuna na unyevu juu yake.

Vijana, najua mnataka kurusha Jumapili hii. Na mimi nilitaka. Lakini mtu anatumia laki tatu kwenye mota na betri, halafu mizani ya elfu kumi na tano anaiona gharama! Halafu anamlaumu aliyemchorea ramani. Nunueni mizani, jamani. Pimeni.

Yule wa Mbeya juzi amenitumia picha ya mkia wake juu ya mizani. Inasoma 41. Chini yake ameandika neno moja: "Duh."